UZI: Kupatanisha rangi kwenye tuta la maua ya kudumu, nyanda za juu na pwani

Mtunza Tuta (Arusha)

Wakuu, habari za leo. Swali la "nichanganye rangi gani na gani" linarudi kila mvua zikikaribia, na majibu yametawanyika kwenye nyuzi nyingi. Nayakusanya hapa. Tunazungumzia maua ya kudumu tu, yale yanayokaa ardhini miaka mitatu na zaidi bila kupandwa upya: agapanthasi, dei lili, kana, nifofia, salvia, gazania, pentasi na jamaa zao. Maua ya msimu yana uzi wake.

Kabla hujatoa hela ya mche hata mmoja, tazama vitu vitatu ambavyo tayari vipo na havihami: udongo, ukuta na bati.

Udongo mwekundu wa Arusha, Iringa au Kiambu ni rangi kama rangi nyingine, tena katika miezi sita ya mwanzo, kabla mimea haijafunika ardhi, ndiyo kubwa kuliko zote kwenye tuta. Ni wekundu ulioegemea chungwa. Pinki hafifu juu yake huonekana chafu, kama shuka jeupe lililofuliwa pamoja na nguo inayochuja. Bluu juu yake hung'aa kuliko ilivyo, kwa sababu kwenye duara la rangi bluu na chungwa hutazamana, na rangi zinazotazamana hukolezana. Ndiyo maana agapanthasi ya bluu haijawahi kuharibu bustani ya udongo mwekundu.

Ukuta wa krimu hupokea karibu kila kitu isipokuwa maua meupe, ambayo hupotelea humo. Kama bati ni jekundu na tuta liko mbele ya nyumba, achana na majenta. Bati hulibadilishi kwa sababu ya ua.

Mfano ninaoutumia kwenye uzi huu ni tuta la mita 6 kwa 2, jua kuanzia asubuhi hadi alasiri, mahali penye mwinuko wa mita 1,200 hadi 1,800. Rangi kuu ni bluu na zambarau, ya pili njano iliyofifia, na chumvi yake ni chungwa kidogo. Majani ya kijivu yanaunganisha.

Udongo kwanza. Lima kina cha sentimita 30, toa mizizi yote ya sangari. Mwaga debe mbili za samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Debe ni lita 20, kwa hiyo utapata tabaka la sentimita 4. Tuta zima linakula debe 24, sawasawa na toroli nane hivi. Changanya, mwagilia, acha wiki mbili lishuke. Ukipanda siku hiyohiyo udongo utazama na vitako vya mimea vitabaki vimening'inia au vimefukiwa, na mmea kama nifofia ukifukiwa kitako huoza.

Mimea:

- Nyuma: Salvia leucantha 3, umbali wa sentimita 90. Plumbago ya samawati 1 kwenye kona, ipewe mita nzima.
- Nyuma kuelekea katikati: agapanthasi ndefu 12, kundi la 7 na kundi la 5, sentimita 45.
- Katikati: dei lili za njano ya malai 8, kundi la 5 na la 3, sentimita 45. Nifofia 3 pamoja, sentimita 55.
- Mbele: Tulbaghia violacea 15 (ile yenye harufu ya kitunguu saumu), sentimita 25. Dasti mila 7 (ndiyo majani ya kijivu), sentimita 30. Gazania za njano hafifu 9, sentimita 25.

Nifofia ndiyo chungwa pekee. Mimea mitatu, mahali pamoja, basi. Ukiitawanya mmoja huku mmoja kule, jicho litaruka kutoka moja hadi nyingine na hutaona bluu uliyoilipia.

Kabla ya kuchimba mashimo, panga miche yote juu ya udongo ikiwa bado kwenye viriba, rudi nyuma hadi mlangoni au getini, tazama. Sogeza. Tazama tena. Chora mipaka ya makundi kwa unga wa chokaa, na makundi yawe marefu na membamba kama samaki aliyelala, yapishane. Makundi ya mviringo hufanya tuta lionekane kama sahani ya biriani yenye vijirundo.

---

Dada Majani (Moshi)

Asante mkuu, hii ni nyama tupu. Nina swali la watu wengi: boganvilia ya majenta iko ukutani, mbele yake kana za chungwa. Zikichanua pamoja macho yanauma. Dawa ni kung'oa au kuna njia nyingine? Naona wengi wanaambiwa "weka nyeupe katikati".

---

Mtunza Tuta (Arusha)

Dada, kwanza tuelewe kwa nini zinagombana. Nyekundu ziko mbili. Moja ni nyekundu ya nyanya, imeegemea chungwa. Nyingine ni nyekundu ya bitiruti, imeegemea zambarau. Majenta ni binti wa bitiruti, kana ya chungwa ni binti wa nyanya. Zote zina nguvu sawa, zote zinadai uwanja, na kila moja inaivuta nyingine: kando ya chungwa, majenta huonekana ya samawati zaidi na baridi, kando ya majenta, chungwa huonekana ya manjano na kali.

Ukiwa kitaluni na hujui ua jekundu ni la upande gani, lichume moja, lilaze juu ya nyanya mbivu, kisha juu ya kipande cha bitiruti. Linapokaa kimya ndipo kwao.

Kana ndiyo rahisi kuhama. Chimbua baada ya mkupuo wa maua kuisha, kata matunguu kwa kisu safi, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu, acha kivulini siku moja kidonda kikauke, panda kina cha sentimita 10 mahali pasipoonekana pamoja na boganvilia. Pale palipobaki wazi weka mmea wa majani ya damu ya mzee, mathalani Iresine, au kana ya majani meusi ambayo maua yake utayakata kabla hayajafunguka. Damu ya mzee ni bitiruti iliyokolea, kwa hiyo majenta itaonekana imetulia nyumbani.

Hutaki kuhamisha? Basi zitenganishe kwa muda. Boganvilia huchanua vizuri ikipata kiu. Kana huchanua ikinyweshwa. Ipogoe boganvilia mvua zinapoisha, usiimwagilie, itachanua kiangazini. Wakati huo kana ikikosa maji hutulia. Si kamili, lakini zitapishana kwa sehemu kubwa ya mwaka.

---

Fundi Rangi (Iringa)

Hilo la "weka nyeupe katikati" naomba niligombe kidogo. Nyeupe si msuluhishi. Nyeupe ndiyo rangi yenye mwanga mwingi kuliko zote bustanini, na juani saa sita mchana hupiga kelele kuliko hata hiyo majenta. Ukipanda mche mweupe mmoja hapa na mwingine pale, tuta linakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Mkiitaka nyeupe, iwe nyingi na mahali pamoja, au iwe ya malai badala ya nyeupe kavu.

Wasuluhishi wa kweli ni wawili: kijivu cha fedha na kijani kitupu. Nusu mita ya majani yasiyo na maua kati ya rangi mbili zinazogombana inatosha kabisa.

Jambo la rangi kubadilishwa na jirani yake si maneno ya wapanda maua tu. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa akisimamia upakaji rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu wakalalamika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akazichunguza, nyuzi nzima, rangi haina kasoro. Kosa lilikuwa kwenye rangi zilizofumwa kando yake. Akachapisha uchunguzi wake 1839. Kwa hiyo mtu akisema "nimeuziwa gazania iliyopauka", atazame kwanza amepanda nini pembeni. Njano hafifu kando ya njano kali huonekana mgonjwa. Ihamishie kando ya zambarau uone.

---

Mama Tigoni (Limuru)

Hamjambo nyote. Mimi niko upande wa haidrenjia, maana huku kwetu kila ua la nyumba lina moja na watu hununua pinki kisha wanakuja kulalamika imegeuka bluu na kuvuruga mpango mzima.

Si uhuni wa muuzaji. Ni udongo. Eneo linalostawisha chai lina udongo wenye asidi, na chai hupenda pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) ya kama 4.5 hadi 5.6. Kwenye asidi hiyo alumini iliyo udongoni huyeyuka, mizizi huinyonya, ua huwa bluu. pH ikifika 6.5 na kuendelea alumini hufungika, ua huwa pinki. Katikati hapo utapata zambarau, mara nyingine kichwa kimoja kina rangi mbili. Aina nyeupe haigeuki, kwa hiyo msiisumbue.

Njia ya akili ni kupanga tuta kulingana na rangi ambayo udongo wenu unataka kutoa. Pale Limuru, Lushoto au Mufindi, hesabu haidrenjia kama bluu, mpe jirani wa njano ya malai au kijivu, umemaliza. Kupigana na udongo ni kazi ya kila mwaka.

Mtu akitaka bluu mahali udongo hauna asidi, atumie alumini salfeti, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4 za maji, mara moja kwa wiki tatu, kuanzia kabla vichwa havijajitokeza. Udongo uloweshwe kwanza kwa maji matupu. Ukimwaga kwenye udongo mkavu unachoma mizizi, na pembe za majani huwa kahawia. Shabu ya kusafishia maji nayo ina alumini, inasaidia, ila polepole.

Akitaka pinki: chokaa ya kilimo, konzi mbili kwa mita ya mraba, ichanganywe juujuu, kisha asubiri miezi. Majivu ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo. Hapa ndipo watu hukosea: wanamwaga majivu kwenye haidrenjia "yapate nguvu", halafu wanashangaa bluu imeenda wapi. Mbolea ya DAP pia huvuta kwenda pinki, kwa sababu fosforasi huishika alumini.

---

Pwani Kijani (Tanga)

Wakuu wa baridi, msitusahau. Huku usawa wa bahari orodha ya bosi wa Arusha haifanyi kazi. Agapanthasi inatoa majani mazuri, maua ni ya kubahatisha. Dasti mila ikipata masika ya huku inaoza ndani ya wiki mbili. Naweka orodha ya mchanga na chumvi:

Bluu na zambarau: plumbago, hii haina shida. Mbele, Tradescantia pallida yenye majani ya zambarau. Ipate jua kamili, maana kivulini hugeuka kijani na mpango wako umekufa. Nyeupe na pinki: pentasi, ambayo asili yake ni Afrika Mashariki hii hii, na vinka ya Madagaska, Catharanthus roseus. Ya kupa tuta uzito: Crinum, majani mapana, ua jeupe lenye mshipa wa pinki. Kijivu cha fedha ndicho kigumu pwani. Badala yake tumieni majani yenye ukingo mweupe.

Kuhusu rangi zenyewe: jua la pwani saa sita linakula rangi hafifu. Pinki ya waridi iliyopauka, samawati nyepesi, malai, zote zinaonekana nyeupe ukiwa mita 5. Kwa hiyo huku tunapanda rangi zilizokolea mahali pa jua, na hafifu tunazipeleka upande wa mashariki wa nyumba au chini ya mwembe ambapo mwanga umechujwa. Watu wanaiga picha za bustani za Ulaya ambako jua liko chini na anga lina mawingu, halafu wanadhani wameuziwa miche mibovu.

Na vinka: usiipande mahali maji yanapotuama. Mzizi huoza, mmea unanyauka asubuhi ukiwa na udongo uliolowa, na mtu anaongeza maji. Ndiyo anaumalizia.

---

Kijana wa Vipandikizi (Njombe)

Naweka kambi hapa. Nauliza: nimeona mipango ya Uingereza yenye radibekia, kampanula, floksi, zote zinaiva rangi pamoja. Mbegu zinapatikana mtandaoni. Huku baridi ipo ya kutosha. Kuna ubaya?

---

Fundi Rangi (Iringa)

Mdogo wangu, ubaya upo, na hauko kwenye baridi. Uko kwenye saa.

Radibekia na kampanula nyingi husubiri mchana mrefu ndipo zitoe bua la maua. Uingereza, Juni, mchana unapita saa 16. Sisi tuko karibu na ikweta: Arusha tofauti ya mchana mrefu na mfupi kwa mwaka mzima haifiki nusu saa. Njombe inafika kama saa moja, bado haitoshi. Mmea unabaki kitako cha majani, unanenepa, hautoi ua au unatoa mawili ya huruma. Ndiyo maana mashamba ya maua ya kuuza nje kule Kenya huwasha taa usiku kwenye jipsofila na haiperikamu. Upande wa pili krisanthemamu hutaka mchana mfupi, hivyo huku ingechanua ikiwa bado kichanga, nayo huwashiwa taa kwanza irefuke. Wewe nyumbani hutawasha taa kwa tuta.

Lakini jambo hilohilo linatupa zawadi. Salvia leucantha ni ya mchana mfupi. Kwao Mexico na huko kaskazini ni ua la mwisho wa mwaka. Huku saa 12 zinairidhisha, inachanua muda mrefu sana. Ndiyo maana mkuu kaiweka nyuma ya tuta kama mhimili. Ukishaona mabua yamechakaa, kata hadi sentimita 20 kutoka ardhini, inaanza upya.

Gertrude Jekyll, Mwingereza aliyefunza dunia kupanga rangi za matuta (1843–1932), alianza kama mchoraji. Tuta lake kuu pale Munstead Wood, Surrey, lilikuwa la kama mita 60 kwa 4. Ncha zote mbili alianza na bluu, kijivu, nyeupe na njano hafifu, kisha rangi zikapanda moto polepole hadi nyekundu na chungwa katikati, kisha zikashuka tena. Huo mpangilio ichukue mzima mzima, unafanya kazi popote. Orodha yake ya mimea iache hukohuko. Tuta lile lilikusudiwa lipendeze kati ya Julai na Oktoba tu, yeye alikuwa na majira manne ya kumpangia kazi. Sisi kengele yetu ni mvua.

---

Mtunza Tuta (Arusha)

Hapo pa kengele ya mvua naongezea, maana ndipo mipango mingi inapovunjikia. Rangi mbili zisizochanua pamoja hazipatani wala hazigombani, hazikutani tu. Watu wanapanga kwa picha za miche, kila ua likiwa wazi, na tuta halitafanana na picha hiyo siku hata moja.

Chukua daftari, andika kila wiki nini kiko wazi. Mwaka mmoja utakuonyesha kitu ambacho hakuna kitabu kitakwambia, kwa sababu mwinuko ukibadilika mita 300 tarehe zinabadilika. Kwa jumla: kata, gawanya na panda mwanzoni mwa masika, Machi, au mwanzoni mwa vuli, Oktoba hadi Novemba. Ukitaka makundi mawili yakutane, lile linalowahi likate nusu ya mabua yake wiki nne hadi sita kabla. Salvia inakubali hilo. Agapanthasi haikubali: ukikata bua lake umepoteza ua la mkupuo huo.

Kwa sababu ya mapengo hayo, majani ndiyo yanayobeba tuta. Ua la dei lili huishi siku moja. Jani lake liko pale mwaka mzima. Panga majani kwanza: upanga (agapanthasi, nifofia), nyuzi (tulbaghia), kijivu (dasti mila), giza (majani ya damu ya mzee). Hayo yakipendeza bila ua hata moja, maua yatakuwa ziada.

Agapanthasi isipochanua, sababu ni nne kwa mpangilio wa kutokea: kivuli kimeongezeka kwa sababu salvia imeilalia, shina limesongamana baada ya miaka mitano, mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi, au imegawanywa juzi, na hiyo huruka msimu mmoja.

---

Dada Majani (Moshi)

Nimepiga picha ya mpangilio wa viriba, rangi naona ziko sawa, lakini kwa mbali tuta halina uhai, ni kama blanketi.

---

Kijana wa Vipandikizi (Njombe)

Geuza hiyo picha iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu, dada.

---

Fundi Rangi (Iringa)

Kijana kasema kweli tupu. Rangi mbili zinaweza kuwa tofauti kabisa na bado zikawa na mwanga sawa. Bluu ya agapanthasi, zambarau ya salvia na kijani cha majani, zikitolewa rangi, zote ni kijivu kimoja. Hiyo ndiyo blanketi unayoiona. Kwenye picha isiyo na rangi unatafuta madaraja matatu: pa giza, pa kati, peupe. Kama hakuna peupe, ongeza njano ya malai au dasti mila. Kama hakuna pa giza, ongeza jani la damu ya mzee.

Angalizo: giza lisikae nyuma peke yake. Zambarau iliyokolea ukiwa mita 10 huonekana shimo. Ipe mgongo wa kitu chepesi, kijani chenye umanjano au ukuta wa krimu, ndipo itaonekana.

Halafu kamera ya simu hudanganya kwenye bluu na zambarau. Agapanthasi kwenye picha inaweza kutoka bluu tupu wakati ana kwa ana ni urujuani. Usinunue mche wa bluu kwa picha ya WhatsApp. Omba ua lenyewe.

---

Mama Tigoni (Limuru)

Na usinunue mche wa rangi yoyote ukiwa haujachanua, hata muuzaji akiapa. Vitalu vya kando ya barabara vingi havina lebo. Gazania ya mbegu hutoa chungwa, njano, milia, vyote kutoka pakiti moja. Agapanthasi ya mbegu huchukua miaka mitatu au zaidi, na nyeupe inaweza kuzaa bluu. Ukitaka rangi ileile, chukua kipande cha mama: dei lili, agapanthasi, tulbaghia na nifofia hugawanywa, salvia, plumbago na pentasi hushika kwa vipandikizi vya sentimita 10, majani ya chini yakitolewa, kwenye mchanga wenye unyevu kivulini.

Gazania zikidondosha mbegu, miche inayoota yenyewe ing'oeni mkiiona. Baada ya misimu miwili, njano hafifu uliyoipanda imezungukwa na machungwa ambayo hukuyaita.

Na jamani lantana. Ni nzuri, ina rangi mbilimbili kwenye kichwa kimoja, lakini ndege wanasambaza mbegu zake, imevamia malisho na misitu, na majani yake ni sumu kwa mifugo. Isiingie kwenye orodha.

---

Jirani wa Mji (Kimara)

Wakuu, je tuta la mita 3 kwa 1 tu, mbele ya baraza? Watu wanakaa pale jioni baada ya kazi. Ukuta wa krimu.

---

Pwani Kijani (Tanga)

Mita 3 kwa 1, rangi mbili na jani moja. Usizidishe. Mgawo unaotumika: kati ya viganja kumi vya maua, sita rangi kuu, vitatu rangi ya pili, kimoja chumvi. Kwenye tuta dogo hata hiyo chumvi iwe mmea mmoja.

Na kwa kuwa ni jioni, sahau nyekundu. Giza likianza kuingia, jicho hupoteza nyekundu kwanza, ua jekundu linaonekana jeusi, huku bluu na nyeupe zikibaki. Mwanasayansi Mcheki Jan Purkinje aliligundua hilo karne ya 19. Kwa hiyo pentasi nyeupe na plumbago. Ndiyo, ukuta ni krimu, na ilisemwa nyeupe inapotea kwenye krimu. Basi weka plumbago nyuma kama pazia, pentasi nyeupe mbele yake, haitagusana na ukuta.

Hesabu: plumbago 2, umbali wa mita moja na nusu, uzipogoe zisizidi mita moja. Pentasi nyeupe 7, sentimita 40, mistari miwili iliyopishana. Mbele kabisa Tradescantia ya zambarau, vipandikizi 10, sentimita 25. Mchanga wa Dar unakunywa samadi, weka debe tatu kwa mita badala ya mbili, na urudie debe moja kila mwaka kabla ya masika.

---

Jirani wa Mji (Kimara)

Shukrani. Tradescantia si inatambaa hadi kwenye njia?

---

Pwani Kijani (Tanga)

Inatambaa. Kata ukingo kwa panga kila miezi miwili, vipande viweke kwenye mfuko, usivitupe juu ya nyasi maana kila pingili inaota. Utomvu wake huwasha ngozi ya watu wengine, vaa glavu.

---

Mama Tigoni (Limuru)

Na matandazo, hakuna aliyeyataja. Kwenye udongo mwekundu tone la mvua hurusha tope, na gazania au pentasi nyeupe za mbele huwa na madoadoa ya kutu ambayo hayatoki. Tandaza maganda ya kahawa au pumba za mpunga sentimita 5, yasiguse vitako. Hayo pia hufunika ule wekundu wa udongo, kwa hiyo kama mpango wako wa bluu ulitegemea udongo uonekane, tandaza mbele tu.

---

Mtunza Tuta (Arusha)

Sawa kabisa, mama. Nimekosea kutoliweka juu kule, nitalirekebisha kwenye bandiko la kwanza. Nitaongeza pia kwamba dasti mila hutoa ua la njano kali: likate likiwa kitumba, kwa sababu njano hiyo haimo kwenye mpango na mmea ukishachanua hurefuka, huachia kijivu chake na kuanza kulala.